Wastani wa 138/89: uchambuzi wa kisa cha presha ya mimba, Moshi Vijijini

Nianze na namba, maana kisa karibu chote kimo humo. Hizi ni presha tano za mjamzito mmoja, zilizopimwa nyumbani kwake ndani ya wiki moja, mimba ikiwa na wiki 34:

Jumatatu asubuhi: 124/80
Jumatano asubuhi: 130/84
Ijumaa jioni: 138/88
Jumamosi jioni: 148/96
Jumapili asubuhi: 152/98

Mtu yeyote aliyezoea kliniki ya wajawazito akizipitia kuanzia juu kwenda chini ataona presha inapanda, tena inapanda haraka. Mashine nayo, yaani programu ya akili mnemba inayokadiria hatari ya kila mjamzito, ilizipitia. Ikazijumlisha, ikagawa kwa tano, ikapata 138/89. Mstari wa tahadhari uko 140/90. Kwenye kishikwambi cha mhudumu wa afya ikatokea rangi ya njano na maneno haya: “Hatari ya kati. Rudia kipimo baada ya saa 24.”

Kabla hata siku hiyo haijaisha, mama yule alikuwa kituo cha afya na presha ya 166/112, akichomwa magnesiamu salfeti ili asipate kifafa cha mimba. Aliyemfikisha pale ni wifi yake, kwa simu moja.

Niseme mapema: mama wa kisa hiki si mtu mmoja. Nimemuunganisha kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi ya kukagua mifumo ya takwimu za afya, ili pasiwepo kituo wala familia ya kunyooshewa kidole. Mwenendo wa presha yake ndio mwenendo ambao ugonjwa huu hupenda kuufuata, na kasoro za programu nitakazozieleza ni za aina iliyopo kweli.

Mama na kadi yake

Ana miaka 31 na hii ni mimba yake ya tatu. Mume ni dereva wa magari ya watalii Arusha, hurudi nyumbani msimu ukipoa. Mama anaishi na mkwewe kwenye kihamba, yaani shamba la familia la migomba, ukanda wa juu wa Moshi Vijijini, na mpaka tumbo lilipokuwa kubwa alikuwa akishusha ndizi soko la Mbuyuni. Mtoto wa kwanza alizaliwa salama. Mimba ya pili iliishia wiki ya 32 kwa presha kali. Mtoto alizaliwa njiti na hakukaa.

Safari hii alianza kliniki wiki ya 19. Presha ya siku ile ilikuwa 102/60, mkojo safi. Kwenye sehemu ya historia ya uzazi nesi aliandika kwa wino mwekundu: “Presha mimba ya 2, njiti, amefariki.”

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo taarifa nzito kuliko zote katika faili lake, na ilipatikana kwa kuuliza. Kwa sisi wa Kilimanjaro hata hatuhitaji kukopa takwimu za mbali kulithibitisha hilo. KCMC, hospitali ya rufaa iliyopo Moshi, ina rejesta ya vizazi inayoandika taarifa za akina mama tangu mwaka 2000, na utafiti uliotokana na rejesta hiyo, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba robo ya wanawake waliopata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo waliipata tena katika mimba zilizofuata. Hatari yao ilikuwa kama mara tisa ya wale ambao hawakuwahi kuipata. Ni kweli kwamba rejesta hiyo ni ya hospitali ya rufaa, na hospitali ya rufaa huvuta wenye matatizo, kwa hiyo huko vijijini kiwango kinaweza kuwa chini ya robo. Lakini hata ukipunguza sana, mama huyu hakuwa mjamzito wa kawaida tangu siku aliyokabidhiwa kadi.

Kuna la kufanya kwa mama wa namna hii, na ni la bei ndogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kila siku kwa wenye hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Yeye alikuja wiki ya 19, yaani mlango ulikuwa bado haujafungwa. Kadi haionyeshi kwamba alipewa.

Wiki ya 30 presha ilikuwa 118/74, na kwenye safu ya mkojo kuna kistari na maneno “hakuna vitendanishi”. Tafakari hilo: kituo kina mkanda wa presha unaozungumza na kishikwambi kwa Bluetooth, halafu hakina kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Si uzembe wa mtu. Anayegharamia vifaa vya majaribio na anayeagiza vitendanishi ni watu wawili tofauti, na hakuna siku wanakaa meza moja.

Begi la vifaa

Mradi wenyewe ni wa majaribio. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumbani kwa wajawazito na begi lenye vitu vinne: mkanda wa presha, kipima sukari, kipimajoto, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma mapigo ya moyo. Vipimo vinaingia kwenye kishikwambi, kishikwambi kikipata mtandao vinakwenda kwenye seva, na huko modeli ya akili mnemba inapokea mambo sita: umri, presha ya juu, presha ya chini, sukari, joto la mwili na mapigo. Inarudisha rangi moja kati ya tatu. Kijani, endelea. Njano, rudia kipimo kesho. Nyekundu, peleka kituoni.

Nilipoanza kukagua nilishuku upimaji kwanza, kwa sababu presha ya kupimwa nyumbani ina njia nyingi za kudanganya. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba huishusha. Mtu akipimwa huku anaongea, au ametoka kupanda mlima na debe la maji, namba inapanda bure. Vipo pia vipimo vya kielektroniki vinavyosoma chini ya ukweli hasa kwa wenye ugonjwa huu, ndiyo maana kifaa kinatakiwa kiwe kimejaribiwa kwa wajawazito, kisiwe kimejaribiwa kwa wazee wenye presha tu. Hapa kila kitu kilikuwa sawa. Kifaa kilikuwa cha aina iliyojaribiwa kwa wajawazito, mkanda ulimtosha, na mhudumu alimkalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila mazungumzo. Namba tano zile ni za kuaminika. Na ieleweke kwamba bila begi lile zisingekuwepo kabisa, kwa sababu kliniki yake iliyofuata ilikuwa bado siku kumi mbele.

Jumapili

Kipimo cha Jumapili kilichukuliwa saa moja asubuhi. Kihamba kiko bondeni na mtandao wa intaneti haufiki, kwa hiyo namba zilikaa kwenye kishikwambi mpaka mhudumu alipopanda barabarani kuelekea kanisani. Rangi ya njano ikaingia akiwa ibadani. Wiki ile alikuwa ameshapata njano kadhaa kwa akina mama wengine, na alipofuatilia kila moja ilikuwa hamna kitu. Akapanga kurudi Jumatatu, kama mashine ilivyomwelekeza. Siwezi kumlaumu, alifanya alichofundishwa.

Nyumbani, mama alikuwa na kichwa tangu Jumamosi usiku. Mkwewe akachemsha chai ya tangawizi, akamwambia alale kidogo, ni uchovu wa mimba. Mchana wifi alipita akitoka kanisani, akamkuta amejifunika kanga usoni, hataki mwanga. Wifi huyu ndiye aliyemsindikiza hospitali mimba ya pili. Hakuuliza rangi. Alimpigia nesi wa kituo, akamsalimu, akampa mgonjwa simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kichwa kinauma tangu lini?”

“Tangu jana usiku. Nimemeza Panadol lakini hakijaachia.”

“Na macho?”

“Naona kama vinyota. Hata nikifumba bado vipo.”

“Chembe ya moyo?”

“Inauma kwa mbali. Nilidhani ni chakula.”

“Umepimwa leo?”

“Asubuhi. Mashine imesema njano, nipimwe tena kesho.”

“Hapana, kesho ni mbali. Mpandishe bodaboda sasa hi... hapana, wifi yupo? Mwambie atafute gari, usipande pikipiki. Njoo leo hii.”

Kujirekebisha huko kwa pikipiki kunaonyesha nesi alikuwa anawaza nini. Mtu akishikwa na degedege nyuma ya bodaboda kwenye mteremko, habari imeisha.

Kituoni presha ikasoma 166/112. Vijiti vya mkojo vilikuwa vimefika wiki ile, vikaonyesha protini alama tatu. Akapewa magnesiamu salfeti ya kuanzia, gramu 4 mshipani polepole na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila upande. Dawa hii si ya kubahatisha: utafiti mkubwa wa mwaka 2002 uliohusisha nchi nyingi ulionyesha kwamba inapunguza uwezekano wa kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Akapewa na dawa ya kushusha presha, kituo kikapiga 115, namba ya bure ya m-mama ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, akashuka mjini. Alijifungua kesho yake kwa upasuaji, mtoto wa kilo 1.9, akabebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Wote wawili wakaruhusiwa.

Wastani unafaa wapi

Watengenezaji wa programu walikuwa na sababu ya kutumia wastani, na si sababu ya kijinga. Presha hucheza. Mtu mzima mwenye presha ya muda mrefu akipimwa nyumbani, daktari anapaswa kuangalia wastani wa siku kadhaa, kwa sababu kipimo kimoja hakisemi kitu. Wakachukua utaratibu huo na kuupandikiza kwa wajawazito.

Tatizo ni kwamba presha ya mimba ina mwendo mwingine. Inaweza kugeuka ndani ya saa chache. Unapochanganya Jumatatu yenye 124/80 na Jumapili yenye 152/98, Jumatatu inaifunika Jumapili, na kadiri ugonjwa unavyokwenda kasi ndivyo wastani unavyochelewa nyuma yake. Jumamosi jioni mama alikuwa na 148/96, lakini wastani wa vipimo vinne ulikuwa 135/87 na rangi ikawa kijani. Kijani!

Wakati huohuo, vitabu vya ukunga vina kigezo ambacho hakihitaji seva: presha ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, mara mbili, vipimo vikiachana angalau saa nne, baada ya wiki ya 20 kwa mtu ambaye hakuwa na presha, hiyo ni presha ya mimba. Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi zinatimiza kigezo hicho bila ubishi. Yaani saa moja ya Jumapili jibu lilikuwa tayari limo kwenye kishikwambi, na kilichohitajika ni mstari mmoja wa programu unaolinganisha namba na namba.

Kuna na hili la presha ya mwanzo. Ukilinganisha 102/60 ya wiki ya 19 na 152/98, ni kupanda kwa 50 juu na 38 chini. Kupanda kwa 30/15 pekee hakutumiki tena kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, lakini bado ni sababu ya kumweka mama chini ya uangalizi wa karibu. Modeli haikuijua 102/60. Ilikuwa kwenye karatasi.

Modeli ilisomea wapi

Nilipouliza modeli ilifundishwa kwa data gani, nikaambiwa ilianza na seti ya wazi ya Bangladesh, iliyopo kwenye hazina ya data ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wanaojifunza mambo haya wengi wanaijua. Inapakuliwa kwa dakika moja na ina rekodi elfu moja na kidogo, zilizokusanywa kwa vifaa vilivyounganishwa na intaneti katika hospitali na kliniki za vijijini. Ndiko yanakotoka yale mambo sita.

Ukiifungua na kuiangalia kwa macho kabla ya kukimbilia kufundisha mashine, utaona mambo. Umri unaanzia miaka 10 na kufika 70. Kuna mapigo ya moyo 7 kwa dakika. Na zaidi ya nusu ya mistari ni marudio ya mistari mingine, neno kwa neno. Hilo la mwisho ndilo lenye madhara. Kawaida unagawa data mafungu mawili, moja la kufundishia na moja la kupimia. Kama mistari inajirudia, mingi itaangukia mafungu yote mawili, na modeli itapimwa kwa maswali iliyokwisha kupewa majibu yake, kama mtahiniwa aliyeuziwa karatasi. Ndipo unaposoma usahihi wa asilimia za juu kabisa kwenye ripoti, na wafadhili wanapiga makofi.

Lakini hata data hiyo ingesafishwa, mambo sita hayo hayatoshi. Umri wa mimba haumo. Historia ya uzazi haimo. Protini haimo, wala kichwa, wala macho. Linganisha na miniPIERS, modeli iliyochapishwa 2014 kwa data ya wanawake 2,081 kutoka Brazil, Fiji, Pakistan, Afrika Kusini na Uganda. Hiyo inauliza: umewahi kuzaa? Mimba ina wiki ngapi? Kichwa au maruerue? Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida? Damu ukeni pamoja na maumivu ya tumbo? Presha ya juu? Protini? Kazi zao hazifanani kabisa, kwani miniPIERS imetengenezwa kwa ajili ya mama ambaye tayari anajulikana ana presha, kukadiria kama atapata madhara makubwa ndani ya saa 48. Hata hivyo inashangaza kwamba kati ya mambo sita ya mradi wetu na mambo ya miniPIERS, linalofanana ni moja tu, presha ya juu. Mengi ya yaliyobaki ni maswali ya mdomo. Ndiyo maswali ambayo nesi aliyauliza kwenye simu.

Na sukari? Vijiti vya kipima sukari vilikuwa vimeisha. Programu haikubali nafasi tupu, kwa hiyo pale pasipo na kipimo ilijaza yenyewe sukari ya kawaida ya data iliyofundishwa nayo. Utulivu wa mashine ile Jumapili ulitokana kwa sehemu na sukari ambayo hakuna mtu aliyeipima. Hili limenikera kuliko wastani. Kipimo ambacho hakijachukuliwa kinatakiwa kionekane kwamba hakijachukuliwa.

Kengele nyingi

Turudi kwa mhudumu aliyezoea njano za bure. Tuseme kati ya wajawazito 1,000, 50 watapata ugonjwa huu. Kiasi hicho kimo ndani ya asilimia 2 hadi 8 zinazotajwa kwa kawaida duniani. Tuseme tuna modeli nzuri, inawanasa 8 kati ya kila 10 wenye ugonjwa, na kati ya wazima 10 inamtisha mmoja tu. Itanasa 40. Itatisha wazima 95. Kwa kila kengele tatu, mbili ni za bure, na hapo modeli ni nzuri. Mhudumu anayetembea mlimani kwa miguu atajifunza hesabu hiyo kwa magoti yake ndani ya mwezi mmoja, bila kuambiwa na mtu.

Kupunguza kengele kwa kuifanya mashine iwe ngumu kutisha ndiko kulikozaa wastani. Njia niliyopendekeza ni kutenganisha. Namba zilizovuka mstari zisipite kwenye modeli kabisa. Vipimo viwili vya 140/90, au kimoja cha 160/110, au kichwa na maruerue kwa namba yoyote, kishikwambi kitume taarifa kituoni palepale kwa ujumbe wa kawaida usiohitaji bando. Modeli ibaki na kazi ya kupanga ratiba: nani atembelewe kila siku, nani mara moja kwa wiki. Hapo ikikosea, gharama yake ni matembezi. Na anayeanza juu kabisa ya orodha hiyo, kabla ya kipimo chochote, awe mwenye wino mwekundu kwenye kadi.

Wapo watakaosema basi tuweke miniPIERS kwenye vishikwambi, tumemaliza. Jambo hilo lilishajaribiwa. Nchini Msumbiji, Pakistan na India wahudumu wa jamii walipewa programu ya simu yenye modeli hiyo, na matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuonyesha kwa jumla kupungua kwa vifo na madhara kwa mama na mtoto. Mama anatambuliwa, kisha anahitaji gari, dawa, damu, daktari wa upasuaji na mtoto kupata joto. Sisi angalau 115 ipo.

Ujumbe uliofika kwa mkwe

Hili nitalipitia haraka. Simu iliyoandikishwa ilikuwa ya mama mkwe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na chaji siku ya kuandikisha. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepokea “hatari ya kati”, akatafsiri “ya kati” kuwa “si mbaya”. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ujumbe wa mimba ya mtu hauendi kwenye simu ya mkwewe kwa sababu ya chaji. Mradi umekubali kuandikisha upya namba zote, na kila mama kuchagua mwenyewe mtu wa pili wa kujulishwa. Mama wa kisa hiki alimtaja wifi.

Baada ya kujifungua

Wakati namalizia ukaguzi niligundua faili lake limefungwa. Siku kituo kilipoingiza neno “amejifungua”, mfumo uliweka kijani cha moja kwa moja, ukamtoa kwenye ratiba, na begi likahamia kwa mjamzito mwingine. Kwa mfumo, mimba imekwisha, hatari imekwisha.

Mwili haufuati hivyo. Presha baada ya kujifungua hupanda tena, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambao mama wengi wameshatoka wodini na wako nyumbani wanakunywa mtori. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mzazi ambaye tayari ana mtoto mgongoni. Nesi hakungoja programu: siku ya tano alimwita kituoni, akampima kwa mashine ya mkono, akakuta 150/100, akamrudisha hospitali kuongezewa dawa.

Tumewaomba watengenezaji waache faili wazi mpaka siku ya 42 baada ya kujifungua. Wamejibu kwamba modeli haikufundishwa kwa wazazi, kwa hiyo haiwezi kutoa rangi. Tumewajibu kwamba rangi hatuihitaji. Waache namba zionekane kwa nesi, na begi libaki kwa mama. Mabegi mengine mawili yanaongezwa kwenye bajeti ya robo ijayo, na safari hii vijiti vya protini vimeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo ya maombi.